Taruma: la Chombo, la Nyumba na la Reli

Neno taruma hutumiwa na watu wa kazi mbili ambao ni nadra kukutana. Fundi wa kuunda majahazi katika kijiji cha Matondoni, kisiwani Lamu, akisema taruma, makusudi yake ni ule mti uliopinda ambao hutiwa ndani ya chombo ili uzishike mbao za ubavuni. Mtengenezaji wa njia ya gari la moshi akisema taruma, makusudi yake ni kile kipande cha chuma, cha mti au cha zege kilichonyooka, ambacho hulazwa kikingama chini ya vyuma viwili vya reli. Mmoja akitajiwa taruma la mwenziwe huona kana kwamba neno lake limeibiwa. Mtu wa pwani huuliza, tangu lini reli ikawa na mbavu? Naye mtu wa bara huuliza, jahazi na reli vimekutana wapi?

Wako wasemao kwamba hapa pana maneno mawili yaliyofanana sauti tu, kama vile paa la nyumba na paa wa mwituni. Hao wamekosea. Neno ni moja, na kamusi za Kiswahili zimeziweka maana zote mbili mahali pamoja. Linaloshangaza ni kuwa kitu kimoja kimepinda na kingine kimenyooka, kimoja ni cha mti wa mikoko na kingine ni cha chuma, kimoja huelea juu ya maji na kingine hulala juu ya kokoto. Basi jina hili halikutokana na umbo wala na kitu kilichotumika kukiunda. Limetokana na kazi, na kazi hiyo huonekana vizuri zaidi chomboni kuliko mahali pengine popote.

Pwani ilijua kuunda vyombo karne nyingi kabla ya kulisikia gari la moshi. Kazi ya kuunda huanza kwa mkuku, yaani ule mti mrefu wa chini ambao ni uti wa mgongo wa chombo. Kisha husimamishwa fashini, mbele na nyuma, na baada ya hapo hufuata mbao na mataruma. Taruma hukaa upande wa ndani. Hukingama juu ya mkuku au husimama ubavuni, likafuata mpindo wa chombo kutoka ngamani kupanda juu, nazo mbao hupigiliwa misumari juu yake. Mbao peke yake, hata zikiwa ni za msaji uliotoka Bara Hindi, hazina nguvu ya kushindana na bahari. Wimbi huzisukuma kwa nje zikataka kuingia ndani. Shehena huzisukuma kwa ndani zikataka kutoka nje. Zikianza kuachana, pamba iliyoshindiliwa kati yake wakati wa kupiga kalafati hulegea na maji hupata njia. Taruma ndilo lizuialo mbao zisiachane.

Mti wa taruma hautafutwi kama utafutwavyo mti wa nguzo. Lau fundi angechukua ubao mpana ulionyooka akaukata kwa msumeno mpaka ukapata umbo la upinde, nyuzi za mti zingekatika pale pale penye mpindo, na siku ya dhoruba hapo ndipo lingevunjika. Lakini mti uliopinda wenyewe wakati ulipokuwa ukimea, nyuzi zake zimeufuata mpindo kutoka ncha hii mpaka ncha ile, na nguvu yake haikupungua. Kwa hiyo fundi huingia mikokoni akitazama matawi na mashina yaliyokwenda upande, naye moyoni amebeba umbo la chombo kilichobaki ufukweni kikimngoja. Tawi hili lafaa karibu na omo, ambapo chombo huwa chembamba; lile lafaa katikati, ambapo tumbo hupanuka. Mti upendwao sana kwa kazi hii ni mlilana, ambao humea upande wa baharini kabisa, mahali ambapo maji huufunika kila bamvua. Hata ile mizizi yake inayochomoza juu ya matope haitupwi, maana wavuvi huikata wakaifanya vyelezo vya nyavu. Mti ukifika ufukweni huchongwa kwa tezo, ukajaribiwa, ukaondolewa, ukachongwa tena, mpaka ulalie ubao pasipo mwanya. Kijana anayejifunza kazi hii huchoka kwa kule kujaribu na kuondoa kuliko kwa kupigilia misumari.

Zamani katika visiwa vya Lamu palikuwa na chombo kilichoitwa mtepe, nacho hakikuwa na misumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Katika mtepe zilitangulia mbao, zikashonwa ubao kwa ubao mpaka chombo kikapata umbo lake, na ndipo mataruma yalipotiwa ndani na kufungwa. Mtu aweza kusema basi kwamba mtepe ulikwisha kuwa mtepe kabla ya kutiwa mataruma. Ni kweli, lakini hakuna nahodha ambaye angeupandisha tanga ukiwa katika hali hiyo. Vyombo hivyo vilitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na vilivyobaki kutazamwa ni mifano tu. Fundi wa majahazi ya misumari na fundi wa mitepe walitofautiana katika mambo mengi, wala hawakutofautiana juu ya lazima ya taruma.

Katika nyumba mambo si wazi hivyo. Nyumba ya Kiswahili ina majina mengi ya miti, na kila mti umepewa lake: nguzo husimama, mwamba hulala juu ya nguzo, makombamoyo hushuka kutoka juu mpaka ukingoni mwa paa, pau na fito hupita juu yake, na mtambaa panya hukatiza kutoka ukuta mmoja mpaka wa pili. (Jina hilo la mwisho lilitungwa na mtu aliyelala chali usiku akayaona mambo yenyewe.) Katika nyumba ya mawe mti mkuu ni boriti. Wengi wa bara, na hata baadhi ya vijana wa pwani, hudhani kwamba boriti na taruma ni mamoja, kwa kuwa yote mawili ni miti ya mikoko na yote hukingama. Hapa ndipo panapofaa kusimama kidogo, maana tofauti yake ni kubwa.

Boriti ni mti wa kubeba. Hulazwa juu ya kuta mbili, na juu yake hupangwa mawe na chokaa mpaka dari likatimia. Sharti uwe umenyooka, na unene wake una kipimo. Wauzaji wa miti ya mikoko hutenga fito, pau, mazio, boriti na nguzo kwa unene, na boriti katika hesabu yao ni mti wa kiasi cha sentimita 11 hadi 14, usiowekwa kundi moja na ulio mwembamba au mnene kuliko huo. Huuzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Mtu akiingia katika nyumba za kale za mji wa Lamu, ambao uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hushangaa kuona vyumba virefu ambavyo upana wake haufiki mita 3 au huzipita kwa kidogo sana. Si kwamba wenyeji walipenda wembamba. Boriti ndiyo iliyowapimia. Mti ulionyooka vizuri na kuweza kubeba dari la mawe haukupatikana kwa urefu zaidi ya huo, na tajiri aliyetaka chumba kikubwa aliongeza urefu tu, kwani upana haukununulika.

Kipimo hicho kilivuka bahari. Nyumba za Ghuba, ambako miti ya kujengea ni adimu, zilifuata upana wa boriti zilizochukuliwa na majahazi kutoka Lamu na kutoka delta ya Rufiji. Baharia mwandishi Alan Villiers alisafiri katika chombo cha Kuwait mwaka 1938 na 1939, akakaa Rufiji wakati mabaharia walipokuwa wakikata na kupakia miti hiyo katikati ya matope na mbu. Habari zake zimo katika kitabu chake *Sons of Sinbad* cha mwaka 1940. Fikiri jinsi chombo kile kilivyorudi kwao: mti wa bandari moja umebebwa ndani ya miti ya bandari nyingine, shehena ya miti iliyonyooka imezuiliwa isipasue mbao kwa miti iliyopinda. Boriti zilikuwa mzigo. Mataruma yalikuwa yakiushikilia mzigo.

Kwa hiyo msitu wa mikoko umegawanywa na mafundi tangu zamani. Mkoko wenyewe na muia, miti inayokwenda juu bila kupinda, ni riziki ya mwashi. Mlilana uliopinda kwa upepo na mawimbi ni riziki ya fundi wa vyombo. Mti uliokataliwa na mmoja huenda ndio uliokuwa ukitafutwa na mwingine.

Je, ndani ya nyumba hakuna taruma kabisa? Lipo, lakini halina fahari. Kipande cha mti au cha chuma kinachotiwa kati ya vitu viwili ili kuvikaza, hilo ni taruma. Zile mbao za ulalo zinazopigiliwa nyuma ya mlango ili mbao za wima zisitawanyike, zafanya kazi ile ile ya miti ya ubavuni mwa jahazi, na seremala aziitaye mataruma hakosei. Ukiondoa boriti, dari huanguka siku ile ile. Ukiondoa taruma la mlango, mlango utaendelea kufungwa na kufunguliwa, ila baada ya masika mbili utaona mbao zimeanza kwenda kila moja na njia yake. Kazi ya boriti ni kubeba, na kazi ya taruma ni kuzuia vitu visiachane.

Mtu aliyekwisha kulielewa hilo hawezi tena kushangaa kusikia taruma la reli.

Ujenzi wa reli kutoka Mombasa ulianza mwaka 1896. Ulifika Nairobi mwaka 1899 na ukafika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901. Waliofanya kazi hiyo wengi walikuwa vibarua na mafundi waliotoka Bara Hindi, yapata watu 32,000, na vifaa karibu vyote vililetwa kwa meli. Miongoni mwa vifaa hivyo yalikuwamo mataruma yapatayo milioni 1.2. Mengi yalikuwa ya chuma, kwa kuwa mti uliolazwa chini katika nchi hii ni karamu ya mchwa. Vyuma viwili vya reli ile viliachana kwa mita moja kamili kutoka mwanzo wa njia mpaka mwisho wake, na taruma ndilo lililoilinda mita ile moja. Gurudumu la gari la moshi halina usukani. Hufuata chuma tu. Vyuma vikipanuka kwa vidole vichache, gurudumu hutumbukia katikati. Na kila gari linapopita, hasa penye kona, uzito wake huvisukuma vyuma vitoke nje, kama vile shehena isukumavyo mbao za jahazi. Tena taruma huutawanya uzito ule juu ya kokoto, ili chuma kisizame udongoni.

Hakuna aliyeandika jina la mtu wa kwanza kuliita taruma kile kipande cha chuma, lakini yeyote aliyeliita hivyo alikitazama chombo na akaitazama reli, akaona kazi moja. Kwa Kiingereza kitu hicho huitwa kwa jina lenye maana ya kilalacho usingizi. Kiswahili kimekisifu kwa haki zaidi, maana katika njia nzima ya reli hakuna kitu kisicholala kama hicho.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika Kenya neno hili linaanza kusahauliwa, na wengi sasa husema slipa. Watanzania wamelihifadhi vizuri zaidi. Wakati wa ujenzi wa reli yao mpya, ambayo treni zake za abiria zilianza kwenda kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024, magazeti na redio zao zilitaja mataruma ya zege kila mara, hata mtoto wa shule akalijua neno. Nayo reli mpya ya Kenya kati ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwishoni mwa mwezi wa Mei 2017, imelazwa juu ya mataruma ya zege, na upana wa njia yake ni milimita 1,435 badala ya ile mita moja ya zamani. Kitu kimebadilika mara mbili, kutoka mti kwenda chuma na kutoka chuma kwenda zege, na neno limekibeba bila taabu.

Kusahau jina si hasara ya lugha tu. Anayekiona kile kipande cha chuma kuwa ni chuma kilicholala bure, hukiuza kwa muuza vyuma chakavu bila kuona kwamba ameua mtu. Mwezi wa Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa, kwa sababu ya uharibifu wa nyaya na minara ya umeme na mali nyingine za umma. Kabla ya hapo, katika machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, watu wenye hasira waliing'oa sehemu ya reli huko Kibera mwezi wa Januari 2008, na mizigo iliyokuwa ikienda Uganda ikakwama. Waliong'oa walikuwa na malalamiko yao, na malalamiko hayo yana mahali pake pa kusikilizwa. Lakini reli ile iliyapita mbele ya nyumba zao wenyewe, na magari yale yalichukua pia wafanyakazi wa mtaa ule asubuhi na jioni.

Upande wa pwani nako taruma lina shida yake. Kenya ina mikoko ipatayo hekta 61,000, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Mwaka 1982 serikali ilikataza kuuza miti ya mikoko nchi za nje, na safari za boriti kwenda Ghuba zikakoma. Tena mwaka 2018 serikali ilizuia ukataji wa miti katika misitu ya umma, na wakataji wa mikoko wa Lamu wakaguswa pamoja na wengine. Msitu wahitaji kulindwa, maana mikoko ndiyo malezi ya samaki na kinga ya pwani. Jambo hili wavuvi hawahitaji kufundishwa. Ila sheria inaposema miti ya mikoko, hutaja kwa neno moja kazi mbili zisizofanana. Anayetafuta boriti hukata kwa korija, mti ulionyooka baada ya mti ulionyooka. Anayetafuta taruma huzunguka siku nzima akarudi na matawi machache yaliyopinda. Wakati wa marufuku yote mawili hukosekana sawasawa, na jahazi lililooza taruma moja hubaki limepandishwa ufukweni, mwenyewe akitafuta mti wa kipande kimoja tu. Ofisa wa misitu aliyefundishwa tofauti ya maneno haya mawili angeweza kuandika kibali chenye haki zaidi.

Pia kuna wanaopenda kuyaita mataruma ya chombo mbavu. Si kosa, na hata mafundi wenyewe husema hivyo kwa mzaha, lakini mbavu ni sifa ya umbo, nayo haiwezi kuvuka ikafika katika reli wala katika mlango. Nalo neno taruma lina wingi wa mataruma. Husemwa taruma hili limeoza, mataruma haya yameoza. Taruma la jahazi, mataruma ya reli. Anayesema taruma hizi au taruma za reli hueleweka, lakini fundi wa Matondoni atamtazama mara mbili kabla ya kumkabidhi tezo.